Kidirisha Kinachouliza

Saa mbili na robo asubuhi, mjini Võru,
theluji imefika kizingiti cha maktaba.
Bi Leida anavua glavu kwa meno,
anawasha kompyuta ya wasomaji,
na kabla chai haijatua mezani
kidirisha kimeshachomoza:
Andika nywila ya msimamizi.

Anaiandika. Hasomi.
Vidole vinaijua njia
kama ulimi unavyolijua pengo la jino.

Kidirisha hicho ni kazi ya mikono yangu.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita na woga wa lawama:
uliza kila kitu, nilijiambia,
kikiharibika, si tuliuliza?

Leo nimekuja kwa basi kutoka Tartu kutengeneza printa.
Nimekaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni,
nahesabu.
Kiraka cha kivinjari: nywila.
Fonti mbili: nywila.
Huko Chile wamesogeza saa zao: nywila.
Mara tisa, na saa nne haijagonga.
Chini ya kibodi, kwenye kadi ya kitabu kilichopotea,
nywila yenyewe kwa penseli,
ili kijana wa zamu ya Jumamosi asisumbuke.

"Kingekuuliza nini, Bi Leida, ndipo ukatae?"
Akanitazama kama niliyeulizia bei ya theluji.
"Kukataa? Kumbe kuna kukataa?"

Kuuliza si ujinga, sawa.
Lakini anayeuliza kutwa
humfundisha mwenzake kuitika usingizini.

Juu ya ngazi, Endel mtunza jengo anabadili balbu.
Hakuomba ruhusa. Funguo zinamlia kiunoni.
Lakini vuli iliyopita, akanisimulia akiwa huko huko juu,
alikuja mtu na keekee na karatasi yenye mhuri,
akataka kutoboa mlango kutoka stoo hadi uani.
Endel akaweka fagio, akavaa koti,
akatembea kilomita mbili hadi kwa mkurugenzi
aliyekuwa kitandani na mafua.
"Balbu ni balbu," akasema. "Mlango ni mlango."

Basini, nyuma ya tiketi, nikaandika:
kiraka kutoka ghala tulilokwisha kuliamini,
chenye saini ileile ya jana,
kipite, kama mwana wa nyumba apitavyo bila hodi.
Lakini ghala jipya, ufunguo mgeni,
programu itakayotega sikio kwa kila herufi,
hizo zisimame nje.
Zibishe hodi. Zitaje jina, na aliyezituma.
Zingoje.

Na je, usiku mmoja ghala lenyewe likiibiwa?
Sina jibu. Niliacha nafasi kwenye tiketi.
Marju, mwenzangu wa kazi, aliisoma akaguna:
"Tukipunguza maswali watasema tumelegea."
Huenda watasema.

Mwezi wa nne, theluji ikiwa matope,
simu ikalia.
"Kidirisha kimetokea," Bi Leida alinong'ona,
kana kwamba kinamsikia.
"Wiki sita sijakiona. Sijaandika kitu. Nimekisoma.
Huyu ni nani, na anataka nini?"

Nikavuta kiti.
"Nisomee," nikamwambia, "polepole, tangu mwanzo."