Dak

Asubuhi yangu ya kwanza Burslem, muuza mikate
alinirudishia chenji: "Asante, dak."
Bata. Mimi?
Nikaitazama miguu yangu ndani ya mabuti ya mvua,
nikatoka, mkate nimeuacha kaunta.

Kwetu bata ni mwendo wa aliyeshiba,
ni mshahara ukiingia: twende tukale bata.
Hapa kila mtu ni yeye. Dereva wa basi, mtoto wa shule,
hata askari aliyekuwa akiandika faini.

Bi Enid Colclough, ninayemwosha miguu kila Jumatatu
(miaka arobaini alipaka vikombe maua kiwandani),
alicheka hadi akapaliwa.
"Wengine husema ni cheo cha kabaila, kimechakaa.
Sijui. Mama aliniita hivyo, basi."

Usiku nikafungua kamusi.
Kumbe kwanza kulikuwa na kuzama tu, kitenzi kitupu;
ndege akaja nyuma, akapewa jina la kazi yake
kama mpishi anavyoitwa mpishi.
Kuna turubai pia, hiyo ilivuka kutoka Uholanzi.
Kuna sifuri ya kriketi: yai lake.
Na kuna kuinamisha kichwa kisigonge.

Mlango wa Bi Enid ni mfupi, wa enzi za watu wafupi.
Jumatatu nikaingia nikikung'uta mwavuli.
"Dak!" akapiga ukelele kutoka kitandani.
Boriti, paji la uso, puu.

Na mpaka leo sijui
alinionya
au alinikaribisha.