Uji wa Nzi, Dundee

Wote ni wa mama mmoja, nawaapia.
Mayai nimeyagawa mwenyewe kwa ncha ya brashi,
hamsini chupa hii, hamsini ile,
na uji uleule: unga wa mahindi, sukari, hamira.
(Siku ya kwanza kazini nilicheka peke yangu.
Nimepikia watu uji miaka thelathini bure,
Waskochi wananilipa nipikie nzi.)

Kabati la kushoto, nyuzi kumi na nane.
Kabati la kulia, nyuzi ishirini na tisa.
Nje ya dirisha ni Januari, nyuzi mbili,
na Hawkhill yote imeganda,
watu wanatembea kama waliobeba mayai.

Wa kulia hawana subira.
Siku ya tisa wameshatoboa ganda,
wamekausha mabawa, wameoana,
mjukuu yuko njiani.
Wa kushoto bado ni funza. Wanakula.
Nakwenda likizo, narudi, wanakula.
Wiki ya tatu inapokatika ndipo anatoka mmoja,
taratibu, kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi usiku.

Na ni mkubwa.
Nawalaza kwa gesi, nachomoa bawa moja moja,
nalitandika chini ya hadubini.
La baridi ni pana, mishipa yake imeachana vizuri.
La joto ni kipande cha ukucha wa kichanga.
Daktari Farquhar anasema tazama seli:
baridini kila moja hunenepa.
Kwa nini, nikamuuliza.
Akavua miwani. "Tuna majibu saba, Mwanakombo,
maana yake hatuna hata moja."

Haraka haina baraka, tuliambiwa.
Lakini huyu mdogo ameshataga
wakati kaka yake bado anatafuna uji.

Kinachoniuma ni hiki:
nzi akishatoka ganda hakui tena.
Mhamishie kabati upendalo, mlishe asali,
kipimo alichotoka nacho ndicho atakachofia.
Yote yaliamuliwa alipokuwa funza,
kichwa chini ujini, hajui kama kuna hali ya hewa.

Desemba feni ya kabati la kushoto ilikufa.
Ijumaa usiku, jengo tupu.
Jumatatu nafungua, joto linanipiga usoni
kama jiko la maandazi.
Daktari akasema mwaga, jaribio limeharibika.
Sikumwaga. Nikawapima saa ya chakula, mkate mkononi.
Si wakubwa, si wadogo.
Walianza maisha polepole, wakasukumwa wakamalizia mbio,
na ile Ijumaa imo ndani ya mabawa yao,
naweza kuipima kwa milimita.

Hidaya, mwanangu, ana miaka kumi na saba
na anainama kupita mlango wa jikoni.
Mimi namfika begani.
Miaka kumi na saba yangu, Muheza,
nilikuwa nimeshalea wadogo zangu wanne,
wa mwisho akiniita mama.
Nikamwambia Daktari: unaona? Kabati la kulia.
Akatikisa kichwa. Mtu si nzi, akasema.
Hayo ni maziwa, ni usingizi, ni shule.
Nikakubali. Ni kweli, mtu si nzi,
na sitaki kumwandika mwanangu kwenye lebo.

Ila wale wa Ijumaa sijawatupa.
Wamo kwenye kiboksi, droo ya chini,
nimeandika tarehe, na nyuzi, na neno *feni*.

Saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia zamani.
Navaa koti, nafunga skafu, natafuta glavu ya pili.
Kabla sijazima taa
naweka viganja vyote viwili kwenye mlango wa kulia.
Ndani wanagonga kioo, wadogo, wengi,
wana haraka.
Nasubiri vidole vipate moto.
Kisha natoka.