Upande wa Miguu

Wenye tiketi walimwona uso.
Mimi nilimwona miguu,
miaka thelathini na mmoja chini ya jukwaa la Kutaisi,
kichwa kimechungulia kama cha kobe,
taa ndogo, daftari, koti la marehemu baba.
Kazi yangu: kumrushia mtu neno
kabla kimya hakijammeza.

Alikuja mwaka ule Rioni ulipofurika,
Tsiala, binti wa mfinyanzi wa mitungi ya mvinyo,
na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko mwenzake.
Akapewa mstari mmoja:
Bibi, farasi wako tayari.
Kisigino kilimtetemeka hata vumbi la mbao
likaniingia puani. Nikapiga chafya.
Ukumbi mzima ukaangua kicheko.
Akangoja. Wakacheka wakachoka.
Ndipo akausema, polepole,
kama aliyeleta habari za msiba,
na watu wakaanza kuwaogopa wale farasi.

Tangu hapo viatu vikapanda cheo:
buti za malkia, makubazi ya mtawa,
na peku, alipokuwa mama aliyemzika mwana.
Kimya chake kilikuwa cha namna mbili,
cha kusahau na cha kuteka.
Nilijifunza kuhesabu hadi tatu.

Na kile kidole gumba cha kushoto!
Kilijikunja kila alipodanganya,
hata ndani ya ngozi nilikiona kikiinuka.
Kwa mwigizaji mwenzake alisema "nakupenda"
usiku arobaini mfululizo: kidole kimetulia.
Mumewe, Murmani, daktari wa meno,
akaja na maua hadi ukingoni mwa jukwaa.
"Nimechoka tu," akamwambia.
Kikajikunja.
Sikumwambia mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Tbilisi walimwita mara mbili.
Ya kwanza alikataa, mama anaumwa.
Ya pili mama alikwisha kufa,
akakataa kwa maneno yaleyale.

Kisha miaka ya giza.
Umeme hakuna, mkate foleni tangu alfajiri,
tiketi ni kipande cha kuni.
Watazamaji kumi na tisa, nimewahesabu,
pumzi zikifuka kama sufuria za viazi.
Alikuwa na miaka sitini na miwili,
akicheza msichana wa kumi na saba
kwa mishumaa minne na buti za mpira za bawabu.
Hakucheka mtu.
Mmoja, mstari wa nyuma, alivua kofia.

Katikati akanyamaza.
Moja. Mbili. Tatu.
Nikampa neno. Halikuchukuliwa.
Nikampa tena, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni.
Akapiga magoti, akanitazama,
mara ya kwanza uso kwa uso katika maisha yetu,
nta ya mshumaa imemgandia mkononi.
"Otari," akasema, "malizia wewe."
Nikamalizia, mimi na sauti yangu ya chupa iliyopasuka.
Midomo yake ilinifuata nyuma, neno kwa neno.

Aprili tulimlaza ukumbini.
Watu walisongamana kichwani: maua, vilio, picha.
Mimi nilikaa upande wa miguu.
Walimvisha viatu vipya, vigumu, vya kung'aa,
nisingeweza kujua lolote kuhusu kidole.
Nikainama, mazoea yana taabu,
nikanong'ona: Bibi, farasi wako tayari.
Kisha nikahesabu.
Nilifika mbili.