Mkono wa Kushoto

Mkono wa kushoto haupokei zawadi,
hauingii kwenye sinia la pilau,
haumpi mkwe maji.
Lakini ukishakaa nyuma ya usukani, Dar es Salaam,
ndio unaofikiri.

Wangu ulivunjika kiwiko, sokoni Tandika,
siku robota la khaki lilipotuangukia, mimi na ngazi.
Ukapona, ila ukabaki na msimamo wake:
hapa nakunja, pale sifiki.
Na pale ndipo ilipo namba tatu.

Korola yangu ni kuukuu,
mkono wake wa gia mrefu kama mwiko wa shughuli,
umelegea, haubadilishi, unakoroga.
Kutoka mbili kwenda tatu
unaweza kuaga nyumbani.

"Si ununue otomatiki," akasema wifi yangu Mwanahawa.
Nikamjibu: nami nikuambie nini
unapoleta gauni nilipunguze kiuno,
si ukanunue jingine?

Gerezani, dukani kwa Ndesanjo,
mikono mitatu ikalazwa juu ya gazeti.
Wa kwanza wa mashindano, unang'aa, mfupi kama jibu la mdai.
Wa pili wamekata na kuchomelea vijana wa uani, kovu bado bichi.
Wa tatu mtumba, umevuliwa gari huko Japani,
rangi imebanduka, shingo imenyanyuka kidogo.
Nikaunyakua mfupi.

"Njia fupi ina ushuru," akasema Siwatu,
fundi wangu wa Tabata, binti mwenye grisi hadi kwenye nyusi.
Akachukua rula yangu ya mbao, akaiegemeza kidoleni.
"Egemeo likipanda, mwendo unapungua, uzito unaongezeka.
Sasa mama, kiwiko chako kinalia njia au kinalia mzigo?"
Miaka minne ya vidonge na maji ya moto,
sijawahi kuulizwa hivyo.

Vyote viwili, nikasema. Njia zaidi.
Tukachukua mtumba. Elfu themanini na tano,
na Ndesanjo akaapa kuwa amepata hasara,
huku akitafuta chenji kwa furaha.

Saa nane, chini ya turubai, Siwatu akavua ngozi ya gia,
akafungua boliti, kumi kwa kumi,
na chini ya plastiki tukakuta mambo yangu:
vifungo saba vya sare, pini, shilingi mia mbili,
risiti ya mteja aliyekwisha kuhama.
Akaibonyeza kofia ya chuma, akaizungusha, ikaachia.
Mkono wa zamani ukatoka na harufu ya oili nzito,
na bushi yake ikamomonyoka mkononi kama kashata ya juzi.
"Hii ndiyo iliyokuwa inakoroga," akasema. "Bushi ya elfu tatu."
Nikanyamaza. Tulikuwa tumeshalipa.

Kikombe kikafutwa kwa kipande cha khaki,
bushi mpya, grisi, mkono mpya ukashuka, ukabonyezwa, ukakaa.
Moja, mbili, tatu, nne: sawa.
Rivasi ikagoma.
Shingo ile iliyonyanyuka ilikuwa inagonga plastiki.
Siwatu akachora kwa chaki yangu, akakata kwa msumeno,
kwapa la nguo linavyoongezwa nafasi,
nusu inchi tu.
Rivasi ikaingia kwa mlio mmoja, tk,
kama mkasi mzuri.

Nikaipandisha Kimara jioni hiyohiyo,
sare arobaini kiti cha nyuma, malori mbele,
mbili, tatu, mbili, tatu,
ni nzito kuliko nilivyozoea, sitadanganya,
lakini kiwiko kimekaa ubavuni, hakijaitwa popote.

Ila kwenye taa za Ubungo, wakati wa kurudi,
nikiwa frii, nikiwaza bei ya zipu,
mkono ukanyoosha vidole kwenda kule mbali,
kwenye maumivu,
ukashika hewa.