Mizani ya Pareto

Mama ananyanyua kiatu cha mwanangu,
anakilaza kiganjani, anafumba jicho moja.
"Robo kilo kasoro kidogo. Bado kina maji.
Mwambie mwenyewe akaanike tena."

Miaka ishirini na sita alipima maua kiwandani,
pareto ya Molo, ya Mau Narok, ya Ol Kalou,
na mkulima aliyenyunyizia gunia lake maji ya uzito
hakuwa na la kumwambia:
mama alitumbukiza mkono, akautoa,
akamtazama tu.

Sasa anapima vijiko.
Anapima sabuni, Biblia, simu yangu ikilia.

Mimi nasema ilianza na sufuria,
zile tatu zilizoungua mwezi mmoja.
Ndugu yangu Adagala anasema hapana,
ilianza kwenye matanga ya baba,
alipotuuliza wageni wote hawa wamekuja harusi ya nani.
Tulicheka siku ile. Tulidhani ni uchungu.

Nyuma ya mlango wa jikoni tumebandika zamu.
Jumatatu hadi Jumatano ni mimi,
Alhamisi Adagala, akitoka kwenye maombi,
siku zilizobaki ni Kageha mkewe,
ambaye halalamiki, na hilo hunitisha.
Keverenge yuko Doha. Anatuma pesa
na ujumbe wa sauti: Mpeni chochote anachotaka.
Aliye mbali ni mkarimu wa saa za wenzake.

Anachotaka ni baba.
"Hajafika? Gari la Kisumu halijaingia?"
Adagala, asiyesema uongo tangu abatizwe,
anamshika mabega: Mama, baba alifariki.
Na mama anaanguka upya, leso mdomoni,
kilio kibichi, cha siku ya kwanza.
Wiki moja ya mwezi wa Julai
mama yetu alifiwa mara nne.

Tuligombana. Nilimwita katili
mbele ya watoto. Akaniita mwongo.
Mama, katikati yetu, alikuwa akipima limau.

Kuna siku alitoka.
Mimi ndiye niliyesahau komeo. Hili sijawaambia;
waliona lango limeachama
wakalaumu upepo wa Nakuru na vumbi lake.
Tulimpata saa kumi na mbili pale kiwandani,
ameketi juu ya kigoda cha bawabu,
na bawabu, kijana mdogo, anamletea kokoto
moja moja, naye anamtajia kilo.
"Ni mkali," akatuambia. "Amekataa tatu."

Alhamisi moja nilipita bila zamu, na chupa ya uji.
Nyumba kimya. Maji yakimwagika bafuni.
Kageha alikuwa Mbale mazishini,
mama alikuwa amejichafua,
na hapakuwa na mwanamke wa kumwita.
Kwetu Maragoli, mwana wa kiume haoni uchi wa mamaye;
laana hiyo haina dawa dukani.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.
Adagala alikuwa amejifunga taulo machoni,
lile la kijani la wageni,
akipapasa ukingo wa ndoo,
akimwagia mama maji magotini, kopo kwa kopo.

"Hajafika?" mama akauliza.
Kopo moja. La pili.
"Gari limekwama Njoro," akasema ndugu yangu.
"Injini. Amesema ule tu, usimngoje."
"Huyo naye!" Mama akacheka.
Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu matanga.

Kisha akaushika mkono wa Adagala, unaotiririka maji,
akaulaza kiganjani, akafumba jicho.
Alikaa nao kuliko gunia lolote.
"Huu umekauka," akasema. "Mwandikieni."

Nami pale mlangoni, uji ukipoa,
nikaanza kupapasa mifuko yangu nikitafuta kalamu.