Mpangaji wa Senka

Senka, kwa lugha yetu, maana yake kivuli.
Hakuna aliyeliona hilo kuwa nuksi
hadi Juni, alipoacha kutoka mchana.

Kando ya mto Tisa alizeti zilisimama
shingo zote upande mmoja,
naye dada yangu akageuza kitanda
kikalipa dirisha kisogo.
Akakataa mkate. Akakataa supu ya samaki.
Akaomba maini ya bata bukini, mabichi,
akayala wima, karibu na sinki.
"Usinitazame, Vukan."

Bibi Desanka alijua. Bibi hujua kabla ya kuuliza.
Alitundika vitunguu saumu mpaka stoo ikanuka soseji,
akachonga kijiti cha mti wa miiba,
akakificha chini ya aproni yake ya maua ya buluu.

Mimi nina hadubini ya shule, lenzi moja ina ufa.
Nilimtoboa kidole saa sita mchana: sikuona kitu.
Nikamtoboa tena saa sita usiku,
na pale, kati ya chembe nyekundu,
walikuwa wakipinda na kupindua,
wembamba, kama nyuzi zilizochomoka kwenye pindo.

Mchana hulala mapafuni. Usiku hupanda ngozini,
kwa sababu usiku ndipo mbu anapokula.
Si laana, Bibi. Ni ratiba.

Nikamweleza habari ya sisimizi:
mnyoo humwingia kichwani,
jioni humpandisha ncha ya jani,
humkaza taya, humngojesha ng'ombe.
Sisimizi hadhani ametekwa.
Labda hudhani amependa tu kutazama mbali.
"Basi na huyo sisimizi ana shetani,"
Bibi akasema, akaendelea kumenya pilipili hoho.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema.
Hiki kilikwisha vuka nguo, na ngozi, na adabu.
Kimepanga bila kodi, kinahamisha samani:
hofu ya giza kimeitupa nje,
njaa kimeiketisha sebuleni.

Kilichoninyima usingizi si meno yake.
Ni kwamba alianza kuwa mwema.
Alikuja mlangoni mwangu, akaniita kwa jina la utotoni,
"Vuki, nimekukumbuka, fungua,"
na mimi, mkono kwenye komeo, nikajiuliza
nani hasa amenikumbuka:
dada,
au zile nyuzi zinazotafuta nyumba mpya?

Usiku ule wadudu wa siku moja walitoka mtoni kwa maelfu,
wakaoana, wakafa juu ya maji.
Senka alibisha mara tatu. Sikufungua.
Kimya. Kisha chini ya mlango ukapita ufunguo
wa chumba chake, wa pekee,
na sauti iliyokauka:
"Nifungie kwa nje. Halafu usinisikilize
hata nikilia. Hasa nikilia."

Mnyoo haujui kufanya hivyo.
Nimemaliza vitabu vya maktaba, sijaona sisimizi
aliyemwambia mwenzake: nishike miguu.

Nimefunga. Nimekaa kizingitini, hadubini magotini.
Anakwaruza mbao. Analitaja jina langu vizuri sana.
Nimeahidi kutosikiliza. Nasikia tu.

Alfajiri Bibi amekuja, ameketi kando yangu,
amekichomoa kijiti chake cha miiba,
amekitazama kwa muda,
kisha amekorogea kahawa.
Vikombe vitatu.