Kiduara

Saa mbili kasoro nawasha mashine,
nafagia, nafuta kaunta, namwaga maji ya deki mtaroni,
narudi: kiduara kinazunguka.
Mlima umeshajifunika. Kiduara kinazunguka.

Mteja wa kwanza ni baba wa Kiborloni
na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne:
ratiba ya mazishi, nakala mia na hamsini,
mwili unatoka Mawenzi saa tano.
"Mama, imefunguka?"
"Inafunguka."
Kitenzi hicho ndicho kinachonilisha.

Jana niliibeba hadi kwa Kundaeli, ghorofani, Double Road,
nimeifunga kwa kitenge kama mtoto wa homa.
Akaifungua kwa bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno,
akapuliza. Vumbi la miaka tisa likatuingia puani sote wawili.
"Aikande, laki na ishirini nakuwekea diski mpya, isiyozunguka.
Hujamaliza kusema shikamoo, imeshaitika marahaba."
Nikacheka. Nikauliza, na printa?
Akatafuta skrubu ambayo haikupotea.
"Printa yako inaelewana na windozi ya zamani tu.
Ukipanda huku, unaiacha kule."

Nikapiga hesabu palepale kwenye benchi:
wepesi, pamoja na printa mpya yenye wino wa bei ya manukato,
au uzito huu, na printa ninayoijua hadi kikohozi chake;
ikisema trrk najua karatasi imekaa upande,
naigonga ubavuni kwa kiganja, inatii.
Je, ramu peke yake?
"Utakuwa umemnunulia mzee viatu vya mbio."
Niinyime intaneti? Hiyo nimeshafanya,
tangu siku ilipoamua kujisasisha mchana kweupe,
asilimia thelathini, asilimia thelathini,
na bibi harusi amekaa hapo, anasubiri kadi.

Kuna jambo sikumwambia Kundaeli.
Folda iitwayo RATIBA ina watu mia nne na kumi na wawili.
Kila anayekuja namwandika juu ya aliyetangulia:
nafuta jina, nafuta tarehe, naacha msalaba.
Wa kwanza kabisa ni mama.
Nilimchapa usiku, macho yamevimba,
msalaba ukaenda kushoto kidogo,
sikuurekebisha, na tangu hapo Moshi nzima
inazikwa na msalaba ulioinama kushoto.

"Mafaili nitakuhamishia yote," alisema,
"ila mistari inaweza kusogea. Itajinyoosha yenyewe."
Nikaifunga tena kitenge.

Saa tatu na robo. Imefunguka.
Nachapa kwa haraka, jina la marehemu nalirudia mara mbili.
Trrk. Nagonga. Inatoa.
Baba wa Kiborloni anahesabu nakala kwa kulamba kidole,
analipa elfu thelathini, hataki risiti.
Naitia kwenye kopo la maziwa lililoandikwa DISKI.
Kisha natoa elfu tano,
maana mita ya luku imeanza kulia.